Pangani Haikujengwa na Bahari Peke Yake

Stendi ya Chanika, Handeni, alfajiri, kabla mama ntilie hawajamaliza kukaanga maandazi, makondakta huita Korogwe, Mkata, Tanga, Dar. Pangani haiitwi. Mwenye safari ya huko hupanda gari la Korogwe, kilomita 65 za lami, kisha Segera na Muheza. Akifika Muheza achague mwenyewe: akatize moja kwa moja kwenda baharini, au azunguke Tanga mjini ashuke na barabara ya pwani. Ni safari ya kubadili magari, na ukiwauliza vijana wa Handeni wangapi wameifanya, wengi watakuambia Dar wanaijua kuliko Pangani.

Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Pangani ndiyo iliyokuwa pwani ya watu wa huku. Mzigua aliyetaka nguo ya merikani, shanga, waya wa shaba au baruti alijua zinakotoka: pale mto unapokutana na bahari. Na mfanyabiashara wa Pangani aliyetaka pembe za ndovu, chakula au wapagazi alijua pa kuvipata: juu ya mto, Bonde, Uzigua na Usambaa, halafu mbele zaidi kwenye nyika za Wamasai. Misafara iliondoka mjini ikifuata mto, ikarudi miezi mingi baadaye na meno ya tembo mabegani mwa watu. Nyumba za mawe na milango ya kuchonga ambayo wageni huipiga picha leo zilisimamishwa kwa faida ya mabega hayo.

Nalisema hili kwa sababu mgeni wa Pangani huonyeshwa mambo mazuri, na bado huonyeshwa nusu. Anapelekwa ufukwe wa Ushongo, anapandishwa ngalawa, anatembezwa mitaani na kuelezwa habari za Waarabu na Wajerumani. Bara nyuma ya mji hutajwa kwa sentensi moja tu.

Mimi nilianzia mtoni. Asubuhi moja nilimkuta nahodha mtu mzima gatini akikumba maji kutoka kwenye mashua yake kwa kopo la rangi lililokatwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" Nilipomjibu Chanika, Handeni, aliacha kukumba maji. "Basi wewe si mgeni. Mto huu ni wenu kabla haujawa wetu."

Alisema kweli tupu. Mto Pangani, ambao huku juu wengi wanauita Ruvu, huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ukapita kando ya Korogwe, ukaporomoka Hale ambako mitambo ya umeme ilifungwa mwaka 1964, kisha ukatulia na kupanuka hadi baharini. Mradi wa maji wa HTM unachota mto huohuo upande wa Korogwe na kuyasukuma maji yake hadi Handeni. Kwa hiyo ndoo inayojazwa Chanika na mashua inayoelea Pangani zinakaa juu ya maji mamoja.

Tulipanda na mto maji yakijaa. Ndivyo inavyofanywa: unangoja bahari ianze kuingia mtoni ikusukume, halafu unarudi nayo inapotoka. Mikoko imesimama ukingoni na mizizi yake juu, kaa wekundu wakikimbilia mashimo, mdiria akikata maji kwa kichwa. Nyuma ya mikoko ni minazi, safu juu ya safu, na nyuma ya minazi ndipo yalipokuwa mashamba ya miwa. Katika karne ya 19 matajiri wa mjini walilima miwa kwenye kingo hizi, wakakamua sukari na kuisafirisha, na kazi yote ilifanywa na watumwa. Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, mashamba hayakusimama. Watumwa waliobaki bara waliendelea kutiwa mikononi mwa wenye mashamba, na waliotoroka walijificha vichakani nyuma ya mji.

Wageni wa Ulaya walianza kuujua mto huu mapema. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika kwa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambaa, mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Mwezi wa Februari 1857 wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, waliondoka Pangani kwa miguu wakaenda kumwona Kimweri huyohuyo kwenye mji wake wa Vuga, kama safari ya kujaribu miguu kabla ya kwenda maziwa makuu. Kimweri alitoka katika ukoo wa Wakilindi, na Wakilindi wanamhesabu Mbega, mwindaji aliyetoka milima ya Ngulu, kuwa mwanzilishi wao. Ngulu iko upande huu wetu, na jina la Kilindi limebaki kwenye wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mtu wa Handeni anayesoma habari za Vuga anasoma pia habari za kwao.

Lakini kuna kisa kingine cha njia ya Pangani ambacho sijakisikia kikisimuliwa kwa mgeni hata mmoja, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba Uzigua. Watu walikauka, wakashuka pwani kutafuta chakula, na huko wengine walijiweka rehani au wakauzwa na ndugu zao ili waliobaki wale. Wakapakiwa majahazini. Wengi walipelekwa kaskazini hadi pwani ya Somalia, wakawekwa kwenye mashamba ya mto Shabele. Baada ya muda kundi lao lilitoroka, likakata pori hadi mto Juba, likajenga vijiji vyake katika msitu wa Gosha. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko Juba waliendelea kusema Kizigua, mtoto akimpokea mzazi, kwa zaidi ya miaka 150, wamezungukwa na Kisomali kila upande.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wengi walikimbilia Kenya, na wengine wakapanda vyombo vya baharini kuja kusini. Walijua wanakokwenda. Wazee wao waliwaachia jina la nchi, na nchi hiyo ilikuwa hii. Walipokelewa katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni, baadaye wakapewa makazi Chogo, humuhumu wilayani, na Serikali ya Tanzania ikafungua mlango wa uraia kwao. Watu wa vijiji jirani waliposikia wageni wanasema Kizigua chenye maneno ambayo wao wenyewe waliyasikia mara ya mwisho kwa bibi zao, hawakuhitaji mkalimani. Wenzao wengine walipelekwa Marekani katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo leo Kizigua kinasemwa pia kwenye miji ya baridi ya huko.

Mgeni anapoonyeshwa gati la Pangani na kuambiwa watumwa walipitia hapa, angeambiwa na hili pia: kwamba kuna waliotoka pwani hii wakiwa wamefungwa, na wajukuu wa wajukuu zao wakarudi wakiwa huru. Pwani chache za Afrika zinaweza kusema hivyo.

Mjini kwenyewe boma la zamani linatazama mto, na milango yake mizito ya kuchonga. Husimuliwa kwa sauti ya chini kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai, ili jengo lisimame imara. Ukisimama pale mchana, ndani ya kivuli cha kuta zile nene, unaelewa kwa nini watoto wa jirani hawapendi kucheza hapo jioni.

Mwezi wa Agosti 1888, siku za Idi ya kuchinja, mwakilishi wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, aliingia mji huu kuchukua mamlaka ambayo Sultani wa Zanzibar alikuwa ameikodisha kampuni hiyo mwezi wa Aprili. Aliidharau bendera ya Sultani, na watu wake wakaingia msikitini na mbwa. Mji ukawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa nje ya mji, akashika uongozi, lakini nguvu ya kwanza ilitoka kwa watu wa mashamba, wapagazi na watu wa bara waliomiminika mjini na bunduki zao. Wasafiri wa Ulaya Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakishuka kutoka Usambaa, walikamatwa na watu wa Abushiri wakatiwa minyororo hadi walipolipiwa fidia. Kusini, Saadani, Bwana Heri, aliyetawala Wazigua wa pwani, alisimama upande huohuo, na aliendelea kupigana hata mwenzake alipokwisha kuuawa.

Kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, aliitwaa Pangani Julai 1889. Abushiri alikimbilia bara, akakamatwa huko, akarudishwa Pangani na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski hakudumu. Tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa walimuua Lugalo, Uhehe, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Baada ya vita lilikuja jani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutoka miche hiyo ulienea mkonge ulioijaza Tanga yote, ukapanda hadi Korogwe na Kabuku, na ukawaleta watu wa kila kabila kufanya kazi ya kukata. Mkoa mzima uliishi kwa singa hizo. Ukitembea mashamba ya kusini mwa mto utaona mistari ileile, mimea imenyooka kama gwaride hadi macho yachoke.

Mwaka huohuo wa 1893 ndio ulioanza kuizima Pangani kama bandari. Reli ilianza kujengwa, nayo ilianzia Tanga. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, mwaka 1911 ikafika Moshi. Mzigo wa bara uliokuwa ukishuka na mto kwa miguu sasa ulipanda behewa Korogwe na kushukia Tanga. Misafara ilikwisha. Forodha ya Pangani ikabaki na majahazi, nazi na makarani wake. Mshairi Shaaban Robert, aliyeanza kazi ya forodha mwaka 1926, alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye kituo hicho. Korogwe ikakua, Chanika ikageukia barabara ya Dar, na Pangani ikasimama ilipoachwa. Sababu hiyohiyo iliyoufilisi mji ndiyo iliyouhifadhi. Kwa kuwa hakukuwa na fedha ya kubomoa na kujenga upya, mitaa ya karne ya 19 ipo hadi leo, mingine ikiporomoka kwa mvua na chumvi ya bahari.

Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Uholanzi la SNV na Bodi ya Utalii vilipoanzisha mpango wa utalii wa utamaduni, Pangani ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: mwenyeji ndiye mwongozaji, mgeni analala, anakula na kuvua pamoja na watu, na sehemu ya ada inabaki kijijini. Hapo ndipo zilipozaliwa safari nyingi anazofanya mgeni leo: kupanda mto jua likizama, kuvuka pantoni hadi Bweni na kupanda kilima kuutazama mji kutoka juu, kuzunguka minazi kwa baiskeli, kuingia hifadhi ya Saadani ambako tembo hufika karibu na mchanga wa bahari. Ukitoka Tanga utapita Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Karibu na hapo Vasco da Gama alichoma jahazi lake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha.

Maziwe inahitaji neno lake peke yake. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje mbele ya pwani ya Pangani, na kasa walikuja kutaga kwa wingi hata Serikali ikakitangaza hifadhi mwaka 1975. Miti ikaondoka, mchanga ukakosa wa kuushika, na mnamo mwaka 1980 kisiwa kilikuwa kimelala. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakitoka na kuzama yakijaa. Kasa hawajui. Wanaendelea kuja palepale walipozaliwa, na watu wa Ushongo huyahamisha mayai hadi ufukweni kwao kabla bahari haijayafunika. Nimeona vifaranga wakitoka, wadogo kama kiganja cha mtoto, wakiparamia nyayo za watu kuelekea kwenye mawimbi.

Ninachoomba ni kwamba safari isiishie hapo. Mgeni aliyeona gati aletwe aone lilikotoka shehena: Korogwe penye stesheni na mto, Chanika siku ya soko penye magunia ya mahindi na asali ya porini, Kideleko na kanisa lake la zamani, jioni ngoma ya selo ikipigwa na Wazigua wenyewe uwanjani kwao, ikichezwa kwa furaha yao kwanza. Lami ya Korogwe hadi Handeni ipo. Treni ya abiria kutoka Dar, iliyorudi mwaka 2019, inapita Korogwe. Daraja la mita 525 juu ya mto Pangani limekusudiwa kuunganisha kingo ambazo pantoni pekee ndiyo iliyoziunganisha. Kinachokosekana ni waongozaji wa upande huu wanaoijua habari yao na kuweza kuisimulia.

Na wewe uliye Chanika, Kwamkono, Sindeni au Korogwe, usingoje mtalii akutangulie. Shule zikifungwa chukua watoto, na ukiweza mchukue mzee mmoja wa nyumbani. Mfikishe Pangani, msimamishe gatini maji yakijaa, umwulize babu yake alishuka hapa amebeba nini. Atakachokujibu kiandike siku hiyohiyo.