Steringi Aliyeuawa Katikati ya Muvi

Kyebando iko kaskazini mwa Kampala, katika tarafa ya Kawempe. Soko la Kalerwe liko jirani, hospitali ya Mulago haiko mbali, na tangu mwaka 2009 barabara ya mchepuko wa kaskazini inapita hapo na msururu wake wa malori na bodaboda. Ni mtaa wa watu wanaoamka mapema. Historia ya sinema ya Uganda haiandikwi bila mitaa ya namna hii, kwa sababu wanaume wa Kampala hawakujifunza muvi katika majumba makubwa ya mjini. Wengi walijifunzia kwenye vibanda vya video, vile ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza.

Mbali na vibanda hivyo, mwaka 1999 studio ya 20th Century Fox ya Marekani ilitoa Fight Club, filamu ya David Fincher iliyotokana na riwaya ya Chuck Palahniuk ya mwaka 1996. Mhusika wake mkuu, aliyechezwa na Edward Norton, ana mshahara mzuri katika kampuni ya magari na nyumba iliyojaa samani za kuagiza kwa katalogi, lakini hapati usingizi. Anakutana na muuza sabuni, Tyler Durden, aliyechezwa na Brad Pitt. Wanaanzisha kikundi cha wanaume wanaotwangana ngumi chini ya baa ili wajione kuwa bado ni wanaume. Kikundi kinageuka jeshi la siri, na mwishowe majengo ya kampuni za kadi za mikopo yanalipuliwa. Filamu iligharimu zaidi ya dola milioni 60, nayo ikaingiza kama milioni 37 tu katika kumbi za Marekani. DVD ndizo zilizoifufua, na leo ina wafuasi dunia nzima.

Ninaiheshimu filamu hiyo. Inasema kweli kuhusu mwanamume aliyezikwa na vitu vyake mwenyewe. Lakini kilio chake ni cha mtu aliyeshiba. Mwanamume wa Kyebando wa miaka ileile alikuwa na jeraha jingine. Kampuni ya simu ya MTN iliingia Uganda mwaka 1998, maduka makubwa ya kisasa yakafuata, matangazo yakajaa barabarani, na yeye akapimwa kwa yale asiyoweza kununua: kodi ya chumba, ada ya mtoto, mahari. Kuchoma samani zake kungekuwa wazimu, maana kitanda chenyewe alikuwa bado anakilipia. Huyu naye alihitaji filamu iliyomtazama usoni.

Mwanzo aliletewa za wengine. Baada ya vita kumalizika Kampala mwaka 1986, deki na televisheni zilisambaa katika vitongoji, na kila aliyepata jenereta, mabati na mabenchi aliweza kufungua ukumbi. Humo walitawala Schwarzenegger, Stallone, Chuck Norris na Bruce Lee. Wote walikuwa wanaume wa kifua wazi, wasiolia, wanaoua watu mia bila jasho. Wasichana na wanawake hawakuwa wengi kwenye mabenchi yale. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu kibanda kilikuwa shule ya uanaume kabla hakijawa kitu kingine chochote.

Kisha akatokea VJ, msimulizi wa filamu. Alikaa pembeni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu na kusimulia kwa Kiganda. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, lakini Kampala sanaa hii ilikua ikawa kazi yenye majina makubwa kama VJ Jingo na VJ Junior. VJ hakuishia kueleza yaliyosemwa. Aliwabatiza wahusika majina ya mitaani, akaihamishia hadithi Kampala, akamkebehi steringi mbele ya mashabiki wake. Jitu la misuli kutoka California likawa mtu anayedaiwa kodi. Tamasha la filamu la Amakula, lililoanza Kampala mwaka 2004, lilitambua thamani hiyo na kuwapa VJ jukwaa la kushindana. Mimi naamini kejeli ya kweli kuhusu uanaume katika sinema ya Uganda ilizaliwa hapo, kwenye mdomo wa VJ, kabla ya kamera yoyote ya nyumbani.

Kamera ilikuja kutoka Wakaliga, mtaa ulio upande mwingine wa jiji. Isaac Nabwana alikulia hapo akisimuliwa muvi na kaka yake, maana yeye mwenyewe hakuwa akiingia ukumbini. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, inayojulikana zaidi kwa jina la Wakaliwood. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri chakavu. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma vya taka na fundi wake, Dauda Bisaso. Waigizaji walikuwa vijana wa mtaani, na DVD zikiwa tayari walizibeba wenyewe nyumba kwa nyumba, kabla wezi wa kazi hawajazinakili.

Mwaka 2010 ikatoka Who Killed Captain Alex? Kapteni Alex ni komando wa jeshi aliyetumwa kulivunja genge la Tiger Mafia. Ni steringi kamili, ana misuli na sura ya kazi. Halafu anakutwa ameuawa, filamu ikiwa bado inaendelea. Ndugu yake, mtawa wa kung fu aitwaye Bruce U, anakuja kulipiza kisasi, risasi zinamiminika, helikopta za kompyuta zinaiteketeza Kampala, na hadi mwisho hakuna anayejua aliyemuua Alex. Watazamaji wa nje wengi waliishia kucheka umaskini wa vifaa. Waliokulia vibandani waliona zaidi: yule mwanamume asiyekufa, waliyeabudishwa tangu utotoni, ameondolewa kama mzigo, na hadithi imeendelea vizuri bila yeye.

Bad Black ya mwaka 2016 ilisogea mbele zaidi. Humo msichana aliyeteswa utotoni katika mtaa wa mabanda anakua na kuwalaghai wanaume wenye pesa, wale wanaodhani kila kitu kinanunuliwa. Daktari Mmarekani anaporwa, na anayemfundisha kupigana ni mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Filamu hiyo ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka huohuo. Mwaka 2022 Wakaliga ilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani.

Mwaka huo wa 2022, Fight Club nayo ilipata masimulizi mapya. Tencent Video ya China ilikata milipuko ya mwisho na kuweka maandishi kwamba polisi walizuia njama yote. Watazamaji walilalamika, sehemu kubwa ikarudishwa. VJ huongeza sauti yake na kuiacha picha ionekane, mtazamaji akaamua. Mkasi haumwachii mtazamaji chochote.

Sasa vibanda vinaonyesha zaidi mpira, vijana wameshika tiketi za kubeti, na muvi ziko kwenye simu. Kinachoniuma ni kwamba urithi huu unapotea mikononi mwetu. Filamu ya Captain Alex katika hali yake ya asili, bila sauti ya VJ, haipo tena: Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Usiku mwingi wa VJ haukurekodiwa kabisa. Chuo Kikuu cha Makerere na Kituo cha Taifa cha Utamaduni waanze kukusanya kanda na kuwahoji VJ wazee wakiwa bado hai. Na wewe msomaji wa Kyebando, Kawempe au Wakaliga, kama kuna kanda ya VJ chini ya kitanda nyumbani kwenu, usiitupe. Andika juu yake jina la msimulizi na mwaka, kisha iweke pakavu.