Nyuso Bila Majina, Majina Bila Nyuso: Picha za Watu Katika Makumbusho na Kumbukumbu ya Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzichunguza picha za watu zilizochorwa au kukatwa katika karatasi na kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na kuzilinganisha na namna nyingine ya kuwakumbuka watu ambayo twaiona katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands. Hoja yetu ni nyepesi kuitaja, ingawa matokeo yake si mepesi. Makumbusho yametuwekea nyuso ambazo mtazamaji huzijua kwa kabila zaidi kuliko kwa jina. Mitaa nayo imetuwekea majina ambayo wakazi huyatamka kila siku pasipo kuziona nyuso zake. Historia ya watu wa mji huu haitatimia mpaka pande hizi mbili zikutane.

Maneno yetu ya picha

Kwanza yafaa tuyatazame maneno, kwa kuwa lugha ndiyo makumbusho ya zamani kuliko yote. Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na kila moja lina tabia yake. Sanamu limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kinyago kinachoabudiwa, na hata leo lina uzito wa kitu kinachosimama mahali pa mtu. Picha limetoka katika Kiingereza, likaja pamoja na kamera na gazeti. Taswira limekwisha kuazimwa na wahakiki wa fasihi, likawa ni picha ya mawazoni kuliko ya machoni.

Neno sura ndilo lenye mafunzo zaidi. Katika Kiarabu yapo maneno mawili yaliyo mbalimbali kwa matamshi na kwa maandishi: moja ni umbo la kitu, na la pili ni mlango wa kitabu. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, kikaziacha konsonanti zake zifanane, na sasa tunasema sura ya mtu na sura ya kitabu kwa neno lile lile. Bahati hii ya lugha yatufundisha kwamba sura ya mtu nayo husomwa, na kwamba msomaji mbaya aweza kuisoma visivyo.

Lipo pia neno kivuli. Hili tutalitumia hapa kwa ile picha inayoonyesha mzingo wa mtu tu, uso ukiwa umetazama upande, na ndani pakiwa peusi pasipo jicho wala tabasamu. Tutaiita picha ya kivuli.

Picha ya kivuli na bei ya mtu

Picha ya kivuli ilisitawi Ulaya na Marekani katika karne ya kumi na nane. Jina lake la Kifaransa latokana na Étienne de Silhouette, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa kwa miezi michache mwaka 1759, akasifika kwa ubahili wa matumizi. Kitu chochote cha rahisi kikabandikwa jina lake. Kwa hakika picha hiyo ilikuwa rahisi. Mtu aliketi mbele ya mshumaa, kivuli chake kikafuatwa kwa kalamu juu ya karatasi, kisha kikakatwa kwa mkasi. Asiyeweza kumlipa mchoraji wa rangi aliweza kupata sura yake kwa senti chache.

Wakati huo huo alitokea Mswisi Johann Kaspar Lavater, ambaye katika vitabu vyake vya miaka ya 1770 alidai kwamba tabia ya mtu yaweza kusomwa katika mstari wa paji la uso, pua na kidevu. Hapo ndipo usomaji mbaya wa sura ulipopewa joho la elimu. Karne iliyofuata ilipofika, mistari hiyo hiyo ilitumiwa kuwapanga wanadamu katika madaraja, na Waafrika wakawekwa chini.

Mifano miwili ya Marekani yatosha kuonyesha jinsi karatasi hiyo ilivyokuwa na nyuso mbili. Katika jimbo la Connecticut imehifadhiwa picha ya kivuli ya mwanamke mtumwa aitwaye Flora, aliyeuzwa mwaka 1796 akiwa na umri wa miaka 19. Picha yake imehifadhiwa pamoja na hati ya mauzo. Flora ana jina na ana mzingo wa uso, lakini vyote viwili vimetufikia kwa sababu alikuwa mali. Mfano wa pili ni Moses Williams, aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya Charles Willson Peale, mwenye jumba la makumbusho mjini Philadelphia. Williams aliachwa huru mwaka 1802, akapewa kazi ya kukata picha za vivuli za wageni wa makumbusho hayo. Maelfu ya raia walioingia pale walitoka na nyuso zao mkononi, zilizokatwa kwa mkasi wa mtu ambaye jana yake alikuwa mtumwa. Kwa muda mrefu sifa ya kazi hiyo ilipewa jumba, si mkono wake.

Kutokana na mifano hii twapata maswali mawili ya kuiuliza kila picha ya mtu iliyomo katika makumbusho: nani aliyeitaka ichorwe, na jina la nani lililoandikwa chini yake?

Picha za Joy Adamson

Nairobi ilipata makumbusho yake makubwa mwaka 1930, yakiitwa Coryndon kwa kumkumbuka gavana. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, na leo ni Jumba la Makumbusho la Taifa la Nairobi. Miongoni mwa hazina zake ni picha za rangi za maji zilizochorwa na Joy Adamson.

Wengi humjua mama huyu kwa ajili ya simba Elsa na kitabu kilichotoka mwaka 1960. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka 1910 katika dola ya Austria na Hungaria, akafika Kenya mwaka 1937, akaanza kwa kuchora maua na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza awachore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mambo hayo yalikuwa yakitoweka. Alisafiri miaka kadhaa, kutoka pwani hadi kaskazini, akachora picha zaidi ya 500. Nyingine zilitundikwa Ikulu, nyingine zikawekwa katika makumbusho, na mwaka 1967 akatoa kitabu kikubwa juu ya watu wa Kenya.

Hatuna budi kumtendea haki. Ushanga umehesabiwa, ngozi imeonyeshwa mshono wake, chale zimewekwa mahali pake. Mjukuu anayetaka kujua bibi yake alivaaje siku ya harusi aweza kujifunza pale mengi kuliko katika vitabu vingi. Tena nyuso zenyewe si vinyago: mzee mmoja amechoka, msichana mwingine ana haya, kijana wa tatu anamtazama mchoraji kana kwamba yeye ndiye anayemchora.

Hata hivyo, tazama mpango wa kazi yote. Kitabu cha 1967 kimepangwa kwa makabila, sura kwa sura. Mtu ameingia humo kwanza kama mfano: mfano wa mzee, mfano wa mganga, mfano wa kijana aliyetoka jandoni. Jina lake, hata likiwapo, si lililomfikisha pale. Hapa ndipo tunaposema kwamba picha hizi, ingawa zina rangi zote, zina undugu na picha ya kivuli: mzingo ni wa mtu, lakini ndani pamejazwa kabila.

Tena zipo sura zilizoachwa nje. Miaka ile ile Adamson alipokuwa akichora, Eastlands ilikuwa ikipanuka. Pumwani ilikuwapo tangu miaka ya 1920. Shauri Moyo ilikuwa imewapokea waliovunjiwa nyumba zao Pangani. Kaloleni na Ziwani zilikuwa mpya. Na Makongeni na Muthurwa zilijaa wafanyakazi wa reli. Fundi wa reli mwenye kofia na kaptura ya kaki, karani wa manispaa, mama muuza mboga, mpiga gitaa: hawa hawakuhesabiwa kuwa ni watu wanaotoweka, basi hawakuagiziwa mchoraji. Mwanafunzi wa Jericho anayezuru makumbusho leo huonyeshwa babu yake wa mbali katika ngozi na manyoya, lakini hamwoni babu yake wa karibu, yule aliyemlea baba yake katika chumba kimoja cha manispaa.

Karatasi ya serikali

Je, huyo babu wa karibu hakuwa na karatasi? Alikuwa nayo, tena alilazimishwa kuwa nayo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za waajiri wake. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma, nacho kikatundikwa shingoni. Wananchi waliiita kipande. Neno lenyewe ni la kawaida: kipande cha mkate, kipande cha nguo. Lakini katika kinywa cha mfanyakazi wa Nairobi lilipata maana mpya na chungu, maana ya mtu aliyekatwa akabaki sehemu tu. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande tangu 1921, na damu ikamwagika mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Kilidumu hata hivyo mpaka miaka ya mwisho ya 1940.

Angalia kinyume hiki. Makumbusho yalihifadhi uso na kulififiza jina. Kipande kilihifadhi jina na kidole, nao uso ukaachwa. Hakuna karatasi moja kati ya hizi mbili iliyomkubali mtu mzima.

Upo uso wa tatu, nao ulifichwa kwa makusudi. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu, hasa Wagikuyu, Waembu na Wameru, walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yaliyotobolewa mahali pa macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini. Hicho kilikuwa kivuli chenye uwezo juu ya uso: asiyeonekana alimhukumu aonekanaye. Wazee wa mitaa hiyo husita kuyasimulia mambo haya, kwa kuwa jirani hakujua ni jirani gani aliyekuwa ndani ya gunia.

Majina ya mitaa

Sasa tugeukie majina. Kariokor ni jina la Kiingereza lililotiwa katika kinywa cha Kiswahili, kama lilivyo Kariakoo la Dar es Salaam. Chimbuko lake ni kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Sanamu ya ukumbusho iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Ni sanamu ya wote, hivyo si ya yeyote. Soko na mtaa vimelibeba jina la kikosi, na majina ya wapagazi wenyewe yamezama.

Mbotela na Ofafa ni kisa kingine. Tom Mbotela alikuwa wa ukoo wa Frere Town, ule uliotupa kitabu cha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela mwaka 1934. Alikuwa kiongozi katika chama cha KAU na diwani wa Nairobi. Aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani pia, na kiongozi katika Umoja wa Waluo, aliuawa mwaka 1953. Serikali ya wakati ule iliwahesabu kuwa wahanga wa Mau Mau, na mitaa mipya ikapewa majina yao. Uhuru ulipokuja majina hayo hayakufutwa. Leo mtu husema anakaa Mbotela, au Ofafa Jericho, au Ofafa Maringo, na maneno hayo ni mahali tu. Vijana wengi hawajui kwamba Ofafa alikuwa mtu, sembuse kujadili kama alistahili sifa au lawama. Jina lisilo na uso haliwezi kutetewa wala kushtakiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba uso bila jina humgeuza mtu kuwa mfano wa kabila, na jina bila uso humgeuza kuwa anwani. Kazi ya kuviunganisha si ya makumbusho peke yake. Idara za lugha zina sehemu yao, kwa sababu kinachokosekana kati ya uso na jina ni masimulizi, na masimulizi ni lugha.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, nakala za picha za zamani zipelekwe kwa wazee, vijijini na mjini, waulizwe: huyu ni nani, mwana wa nani? Pili, wanafunzi wetu waliozaliwa Eastlands wayakusanye makaratasi yaliyomo katika masanduku ya nyumbani: vipande, risiti za kodi ya nyumba, barua, na zile picha za studio ambamo kijana amevaa suti ya kuazima akasimama wima kama mwenye mji. Picha hizo wenyewe waliziagiza, wakazilipia, na nyuma yake wakaandika majina yao. Mchoraji wa serikali hakuziona, lakini ndizo zinazojibu vyema yale maswali mawili tuliyouliza.

Kazi hii haiwezi kungoja sana. Mitaa mikongwe ya manispaa na ya reli imo katika mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa, na baadhi yake imekwisha kuguswa. Watu wanapohama kwa haraka huchukua vitanda na sufuria. Sanduku la makaratasi huachwa. Nyumba yaweza kujengwa upya, bali mzee akifa na picha ikatupwa, hapatakuwa na atakayesema huyu alikuwa nani.