Mninga: Rangi Inayohama

Simama kushoto kwa ubao huu, kisha sogea taratibu kulia. Mistari iliyokuwa myeusi itang'aa, iliyong'aa itafifia. Ubao haujapakwa rangi. Ni vanishi angavu juu ya mninga, mti wa miombo ya Manyoni na Tabora, magharibi mwa Dodoma.

Mninga unapokua, nyuzi zake huinama upande mmoja kwa muda, kisha hugeukia mwingine. Randa ikipita, nyuzi zilizolala hurudisha mwanga na zilizokatwa mshazari huumeza. Vanishi hujaza vitundu vya uso, mwanga ukazama zaidi. Kwa hiyo uzuri huu hauonekani kwenye mbao zilizotoka tu kwenye msumeno.

Fundi hodari huzigeuza mbao zote upande mmoja kabla ya kuziunga. Ukichagua mlango wa mninga, utazame kwa mwanga wa pembeni.