Mjumbe wa Kangundo na kiti kilichosubiriwa miaka 75

Mjumbe wa Africa Inland Church anayepanda matatu Tala kwenda mkutano mkuu wa taifa huwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna barua ya utambulisho, muhuri wa zambarau umekaa upande kidogo, na chini yake sahihi za mwenyekiti na katibu. Barua hiyo ndiyo inayomketisha pamoja na wapiga kura. Waliobatizwa kwanza Kangundo hawakuwa nayo, wala watoto wao.

Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa Oktoba 1895, na Desemba wakawa wamefika Nzaui. Kabla ya mwaka 1896 kwisha walikuwa na vituo vinne Ukambani: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Scott alifariki Desemba 1896, hajatimiza hata miaka 30. Maradhi yakawapunguza wenzake, ikafuata njaa kali ya 1898 na 1899. Mwaka 1903 makao makuu yakahamishiwa Kijabe, karibu na reli.

Kangundo ikabaki na waumini, maamuzi yakapanda Kijabe. Mwalimu gani apelekwe wapi, shule ifunguliwe mlima upi, aliyekunywa uki, pombe ya Wakamba, atengwe kwa muda gani: hayo yaliamuliwa na wamisionari. Mzee wa kanisa aliweza kuwa mhubiri hodari, akatembea siku nzima kutoka kijiji hadi kijiji, na bado akasubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Nadhani hapo ndipo manung'uniko ya waumini yalipoanzia, kuliko katika mafundisho yenyewe.

Mwaka 1943 ilipatikana katiba na jina, Africa Inland Church. Jina lilitangulia; mali na madaraka mengi vikabaki kwa misheni. Miaka miwili baadaye, Aprili 1945, Wakamba waliokuwa Nairobi wakaanzisha African Brotherhood Church, nayo ikaja kuweka makao yake Mitaboni, upande wa Kathiani, jirani kabisa na Kangundo. Mahubiri yao hayakumshangaza aliyelelewa misheni. Lililomvutia ni kuona Mwafrika akiongoza kikao tangu sala ya kufungua mpaka hesabu za sadaka.

Makabidhiano ya Africa Inland Church yalikuja mwaka 1971, wakati kanisa likiongozwa na Wellington Mulwa, Mkamba. Misheni ikaliachia kanisa mamlaka na mali, na wamisionari wakawa wanafanya kazi chini yake. Tangu kituo cha Kangundo kifunguliwe, ilikuwa imepita miaka 75. Leo mambo hupanda kutoka baraza la kanisa la mahali hadi la wilaya, ile DCC ambayo kila muumini anaijua, na hatimaye hadi Baraza Kuu.

Ujumbe wa mkutano mkuu nao umezaa siasa zake. Kuna wanaoutafuta kama udiwani, na kuna mabaraza yanayomtuma mzee yule yule hadi anasinzia kikaoni. Nauli huchangwa na washirika, hasa akina mama, na aliyechanga hasahau. Mjumbe akirudi husoma ripoti Jumapili baada ya ibada, kwa Kikamba, na maswali huanza kabla hajakunja karatasi: michango tuliyopeleka makao makuu imefanya nini, na mchungaji tuliyeahidiwa anakuja lini?