Thoreau mpima ardhi: aliwapataje wateja, na kwa nini walirudi?

Tuanze na swali dogo. Umenunua shamba. Jirani anasema mpaka unaishia huku kwenye mwembe, wewe unasema unapita kule nyuma yake. Mnaitana maneno, mwisho unamwita mpima. Je, unamtaka mpima atakayekupa jibu sahihi, au atakayekupa mwembe?

Usijibu haraka. Swali hilo lilimfuata kijana mmoja wa Concord, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani, zaidi ya miaka 160 iliyopita. Jinsi alivyolijibu ndiko kulikompa ugali wake.

Jina lake Henry David Thoreau. Kama umelisikia, pengine unamjua kama mwandishi, yule aliyejenga kibanda kando ya ziwa dogo la Walden na kuishi humo kuanzia 1845 hadi 1847. Sawa kabisa. Ila vitabu havikumlipa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1849, nakala 1,000, kwa makubaliano kwamba hasara ni yake. Mwaka 1853 mchapishaji akamrudishia nakala 706 ambazo hazikununuliwa. Deni lilikuwa kama dola 290, pesa nyingi kwa enzi zile. Alililipa kwa jasho, na sehemu kubwa ya jasho hilo ilitoka kwenye dira na mnyororo wa kupimia.

Kazi ilitangulia tangazo

Thoreau hakuamka siku moja akajiita mpima. Kati ya 1838 na 1841 yeye na kaka yake John waliendesha shule, na upimaji ulikuwa mojawapo ya mambo waliyowafundisha wanafunzi. Baadaye, mapema mwaka 1846, akafanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Wenyeji wengi walikuwa wakisema ziwa la Walden halina mwisho. Yeye akasubiri maji yagande, akatembea juu ya barafu na dira, mnyororo na kamba yenye jiwe, akatoboa na kupima zaidi ya mara 100. Sehemu yenye kina kirefu zaidi aliikuta futi 102, yaani kama mita 31. Vipimo vya baadaye vilikuja kukubaliana naye kwa karibu sana.

Unaona hapo? Katika mji mdogo, mtu anayekataa kubahatisha hata pale ambapo halipwi anajulikana upesi.

Halafu ndipo ikaja karatasi ya tangazo. Thoreau aliichapisha ili watu wajue anachouza, na ukiisoma leo utashangaa jinsi ilivyojaa mahitaji ya mkulima. Aliahidi vipimo vya kuandikia hati ili mipaka ieleweke bila ubishi. Aliahidi kugawa misitu katika vipande vinavyotambulika, kuchora barabara, na kutengeneza ramani ya shamba pamoja na majengo yake, ili mkulima akae nayo jioni za baridi akipanga atalima nini wapi. Mwishoni akaweka jambo la kitaalamu: angempa mteja tofauti ya dira, ili mstari uleule uweze kupimwa tena.

Hilo la mwisho ndilo lenye sayansi yote. Ngoja nikueleze.

Dira husema kweli, ila si kweli yote

Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Inafuata usumaku wa dunia, na usumaku huo hubadilika mahali kwa mahali na mwaka kwa mwaka. Sasa fikiria hati iliyoandikwa zamani: "kutoka kwenye jiwe, elekea digrii kadhaa mashariki ya kaskazini". Ukifuata dira hiyohiyo miaka mingi baadaye, utakwenda kwingine. Hata tofauti ikiwa digrii 1 tu, kwenye mstari wa mita 400 utatoka nje kwa mita 7 hivi. Hapo mwembe umeshahama mwenye.

Thoreau alilichukulia hili kwa uzito. Mwaka 1851 alitumia nyota ya kaskazini kupata mstari wa kaskazini halisi karibu na nyumbani kwake, kisha akawa anailinganisha dira yake na mstari huo. Kwa hiyo mteja alipewa mchoro pamoja na njia ya kuuhakiki. Mpima mwingine angeweza kuja baadaye na kumkosoa kwa ushahidi. Mfanyabiashara mwoga hafanyi hivyo.

Daftari

Mwaka 1849 alianza pia daftari maalumu la kazi zake: amepima wapi, kwa nani, kwa namna gani. Rasimu za ramani alibaki nazo. Baada ya kifo chake zilifika maktaba ya mji wa Concord kupitia dada yake Sophia, na zaidi ya mia moja zipo hadi leo.

Kibiashara, daftari hilo lilikuwa na thamani kuliko mnyororo. Mnyororo kila mpima alikuwa nao. Lakini shamba likiuzwa, likirithiwa au likigawanywa, nani atafanya kazi haraka na kwa uhakika kuliko aliyekwisha kulipima? Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri aliyekuwa rafiki na mteja wake, alieleza katika hotuba ya kumuaga mwaka 1862 kwamba wakulima waligundua upesi usahihi wake, na kwamba aliweza kumweleza mtu habari za shamba lake ambazo mwenyewe hakuzijua: miti, ndege, mabaki ya wenyeji wa kale. Kazi, kwa maneno mengine, ikamfuata. Mwaka 1851 alizunguka mipaka ya mji pamoja na viongozi wake. Mwaka 1856 akaitwa mbali, New Jersey, kupima eneo kubwa. Mwaka 1859 akaajiriwa kuchunguza mto wa Concord wakati wakulima walipolalamikia bwawa lililofurisha malisho yao.

Mteja anayetaka mwembe

Lakini usidhani wateja wote walipenda usahihi. Katika insha iliyochapishwa mwaka 1863, baada ya kufa kwake, Thoreau anasimulia kwamba akimweleza mteja kuwa zipo njia mbalimbali za kupima, kwa kawaida huulizwa ipi itampa ardhi nyingi zaidi. Iliyo sahihi hakuna anayeiulizia.

Angeweza kuwaridhisha. Ila huyo unayemwongezea robo ekari leo, jirani yake ndiye mteja wako wa kesho, na mnakutana wote dukani. Mpima mdogo hana ofisi kubwa ya kujificha. Anachouza hasa ni kuaminiwa na pande zote mbili za mpaka, na hicho kikipotea hata dira mpya haikirudishi.

Kuna bei nyingine aliyoilipa. Reli ilifika Concord mwaka 1844, kuni na mbao zikatafutwa, na vipande vya msitu alivyovipima mara nyingi viliishia kwenye shoka. Mwaka 1858 aliandika katika shajara yake kwamba amepima misitu ya Walden kiasi kwamba sasa anaiona kichwani kama viwanja vya watu. Mtu aliyeipenda misitu ile kuliko yeyote ndiye aliyeichorea mistari ya kuigawa. Aliijua gharama hiyo na aliendelea, kwa sababu mtu lazima ale.

Leo tuna setilaiti, na mstari wa mita 400 hupimwa kwa kosa la sentimita chache. Swali la mwembe, hata hivyo, liko palepale. Siku utakapomwita mpima, muulize jambo moja kabla hamjapatana bei: "Mwenzako akija kupima tena baada ya miaka 20, utakuwa umemwachia nini?" Akikujibu bila kusita, mpe kazi. Na kama wewe ndiye mpima, anza daftari lako leo.