Neno "Njama" na Wasemao

Katika Kiswahili, kula njama ni kupatana kwa siri ili kutenda hila. Kitenzi hicho hakihusu chakula; kimekaa kama katika kula kiapo na kula yamini, yaani kujifunga kwa jambo. Lakini katika Kikikuyu neno la umbo lilo hilo lina heshima: njama ya ita ilikuwa baraza la vita, na wajumbe wake hawakuonewa haya. Basi mwanahistoria asomapo kwamba watu fulani "walikula njama" wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa nchini Kenya mwezi Oktoba 1952, yampasa aulize kwanza: asemaye hayo alikuwa ndani ya baraza, au nje ya mlango?