Mbwa Aliyebaki Ng'ambo ya Mto

[MUZIKI. UNASHUKA TARATIBU.]

Leo tunamzungumzia mbwa. Najua wengine mmeshacheka. Ngojeni kidogo.

Tuanze na jina lake. Kwa Kiswahili tunasema mbwa. Mkonzo wa Kasese na Bwera anasema embwa, na ndugu yake Mnande wa Beni anasema hivyo hivyo. Mnyarwanda na Mrundi wanasema imbwa. Kwa Kilingala ni mbwa. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno likifanana namna hiyo katika lugha nyingi za Kibantu, basi wazee wetu walikuwa nalo kabla hawajatawanyika. Yaani mbwa anatembea nasi tangu maelfu ya miaka.

Mpaka wa Mpondwe na Kasindi ni mtoto mdogo mbele ya neno hilo. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana juu ya mipaka ya eneo letu huko Brussels mwaka 1910. Watu wa lugha moja wakajikuta huku Uganda, kule Kongo. Mbwa hakuambiwa kitu.

Zamani mbwa alipendwa kwa sababu ya kazi yake. Katika misitu ya Ituri, upande wa Kongo, yupo mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Kwa kuwa hapigi kelele, wawindaji humvisha kengele ya mbao shingoni ili wajue yuko wapi. Wazungu walimpenda wakamchukua, na mwaka 1937 akaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mbwa London. Wakamwita Basenji. Wewe msikilizaji unalijua neno hilo: ndilo lile lile la "washenzi". Mbwa alipanda meli na tusi letu shingoni.

Huku kwetu uwindaji ulifungiwa njia. Upande wa Kongo, hifadhi ambayo leo ni Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Upande wa Kasese, hifadhi ambayo leo ni Queen Elizabeth ilitangazwa mwaka 1952. Mtu aliyeingia porini na mbwa wake kama babu yake alivyofanya, sasa akaitwa jangili. Lakini sikiliza hili: tangu mwaka 2011 askari wa Virunga wenyewe wana mbwa wa kunusa, wanaofuata nyayo za majangili. Pua ni ile ile, imebadilisha mwajiri tu.

[MUZIKI KIDOGO.]

Sasa tuje kwetu sisi tuliokimbia. Wengi tulivuka pale Mpondwe, tukapita Bwera na Kasese, na godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Mbwa hana nafasi kwenye lori. Hana jina kwenye orodha ya mgao. Amebaki ng'ambo ya mto.

Msichana mmoja alikuja kituoni kwetu akauliza kwa sauti ya chini: je, ni aibu kumlilia mbwa, wakati watu wamekufa?

Dada yangu, vitabu vitakatifu vinamkumbuka mbwa wa safari. Katika Kurani, sura ya Pango inasimulia vijana waliokimbia ili kuiokoa imani yao. Walikuwa wakimbizi kama sisi, na mbwa wao alilala mlangoni pa pango. Katika Biblia ya Wakatoliki, kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri mbali, mbwa anamfuata njiani.

Na hapa hapa Uganda, kaskazini, yupo Francis Okello Oloya wa Gulu. Akiwa na miaka 12, bomu lililobaki ardhini lilimpofusha. Katika shule ya bweni aliona taabu kwenda chooni usiku, na mbwa wa pale wakawa wanamsindikiza. Alipokua akaanzisha mradi wa kuwakutanisha walionusurika vita vya Kony na mbwa wasio na mwenyewe. Mtu anafundishwa kumlisha, kumwogesha na kumfunza mbwa wake. Wapo waliosema kwamba walirudi kulala usingizi.

Kwa hiyo, anayemlilia mbwa hajawasahau watu. Mara nyingi mbwa ndiye wa mwisho kuiona nyumba yetu ikiwa na moto jikoni. Ukimlilia yeye, unaililia na nyumba.

Lakini mapenzi yana wajibu. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto alipona. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kichaa cha mbwa bado kinaua, hasa Afrika na Asia. Karibu kila anayekipata amekipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje, hata kama mbwa ni wako. Na kama unafuga hapa kambini, ulizia chanjo kwa daktari wa mifugo. Mbwa asiyechanjwa ndiye wa kwanza kupigwa mawe watu wakiogopa, na hapo hutaweza kumtetea.

Wiki ijayo tutafungua kipindi kwa majina. Kama uliacha mbwa nyumbani, andika jina lake kwenye karatasi na kijiji mlichoishi, uilete kituoni. Tutayasoma yote, moja baada ya jingine.



[MUZIKI UNAPANDA. MWISHO.]